Mwandishi Anyamaze: Kisa cha Darasa Lililojifunza Kuandika Speki kwa Kubishana

Nataka tuchambue kisa cha darasa moja la wanafunzi wa programu, mwaka wa pili, kikao kimoja cha kama saa tatu hivi ambacho mimi ndo nilikuwa naendesha. Wale vijana topiki ya spesifikesheni, au speki kama wenyewe wanavyosema, yani hati inayoeleza mfumo unatakiwa ufanye nini, walikuwa wameshaisoma, tena vizuri tu. Walishapewa slaidi, walishapewa templeti yenye vichwa vya ule mwongozo wa IEEE 830 wa mwaka 1998 (IEEE ni chama cha wahandisi), yani utangulizi, maelezo ya jumla, mahitaji mahususi, na walishafanya kazi ya kuijaza hiyo templeti kwa projekti ya kubuni. Ukimuuliza yeyote sifa za speki nzuri anakutajia bila kusita: iwe sahihi, iwe kamili, isiwe na utata, isijipinge, iweze kuthibitishwa, iweze kubadilishwa. Lakini ukichukua hati yoyote kati ya zile walizoandika ukampa deva, yani mtengeneza programu, ambaye hajawahi kukaa nao, asingejenga kile walichokuwa nacho kichwani, angejenga kitu kingine kabisa na angekuwa hajavunja hata sentensi moja ya hati.

Mimi naona sababu kubwa iko kwa msomaji. Mwanafunzi anaandika speki halafu anayeisoma ni mwalimu, na mwalimu tayari anajua projekti inahusu nini, kwahiyo akifika kwenye pengo analijaza mwenyewe kichwani bila hata kujua kama kajaza, anaendelea, anaweka maksi. Wenzake wa kundi ndo kabisa, wao walikuwepo kwenye mazungumzo yote. Yani speki inapita mikononi mwa watu wenye nia njema na picha moja, na mapengo yanabaki palepale hayajaguswa na mtu. Kwahiyo ukitaka mtu ajue kuandika speki inabidi umtafutie msomaji ambaye hana ile picha na hana huruma, alafu umzuie mwandishi asimweleze chochote. Hili la kumzuia mwandishi ndo lenye uzito kuliko yote, na wengi wanaoendesha mazoezi ya namna hii wanalisahau.

Zoezi lilivyopangwa

Makundi sita, watu wanne wanne, mawili yalikuwa na watano. Nikayapanga pete mbili za makundi matatu matatu. Kazi ni kuandika speki ya mfumo wa kubuku vyumba vya mikutano kwenye jengo la ofisi. Kazi hii inafaa kwa sababu kila mtu anaielewa ndani ya nusu dakika, haihitaji mtu ajue mambo ya benki wala hospitali, na inaonekana nyepesi mno mpaka wengine waliuliza kama ndo hiyo tu. Ukurasa mmoja, dakika thelathini, na kalamu inazunguka, hakuna mtu kuishika mwanzo mpaka mwisho.

Dakika zikiisha kila kundi linapeleka ukurasa wake kwa kundi linalofuata kwenye pete, na kundi linalopokea linageuka kuwa mfumo. Hawaandiki kodi, yani maandishi ya programu, wao wenyewe ndo mfumo. Mimi nina kadi, kila kadi ni ombi moja linalofika, na hakuna aliyeziona wakati wa kuandika. Nasoma kadi, watekelezaji wanatoa jibu la mfumo na wanaonyesha kwa kidole sentensi inayowaruhusu kujibu hivyo. Sheria yao ni moja: chochote ambacho speki haijakikataza wanaruhusiwa kukifanya, na wakiwa na majibu mawili yote halali wachague lile litakalowaumiza waandishi zaidi. Kundi la tatu ni waamuzi, wao wanasema jibu ni halali au sio halali kwa kusoma maandishi tu, bila kufikiria waandishi "walimaanisha" nini. Waandishi wanakaa pembeni kimya. Kila mmoja ana karatasi, na kila akisikia mdomo unamuwasha anaandika kile alichotaka kusema. Zamu zinazunguka mpaka kila kundi limeshika nafasi zote tatu.

Kabla ya hapo tulipasha moto kidogo na swali la kawaida: andikeni speki ya fankisheni, yani kipande cha programu, inayopokea orodha ya namba na kurudisha orodha iliyopangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Karibu wote wakaandika kwamba orodha inayorudishwa lazima iwe imepangwa. Nikaandika ubaoni fankisheni ambayo, umpe chochote, inarudisha orodha tupu. Orodha tupu imepangwa, hakuna namba iliyokaa vibaya. Wakacheka, alafu mmoja akasema basi tuongeze iwe na namba zilezile za mwanzo. Sawa, nikachukua 2, 1, 2, 1 nikarudisha 1, 2. Namba zilezile, au sio? Pale ndo wakaanza kukuna vichwa, na ikachukua muda mpaka wakafika kwenye maneno yanayoshika kweli: kila namba itokee kwenye jibu mara zilezile ilizotokea kwenye orodha ya mwanzo, na hakuna namba iliyotanguliwa na kubwa kuliko yenyewe. Hiki kipande usikiruke hata kama muda umebana, maana kinawapa watekelezaji moyo wa ukaidi, bila hivyo wanakuwa wapole kwa wenzao na zoezi zima linakufa.

Raundi ya kwanza

Speki ya kundi moja ilikuwa hivi, karibu yote: "Mfumo utamruhusu mtumiaji kubuku chumba. Watu wawili hawataruhusiwa kubuku chumba kimoja kwa wakati mmoja. Bukingi inaweza kufutwa. Mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia." Usiwacheke, hati nyingi sana za kazini zina sentensi za aina hiyohiyo, tofauti ni kwamba zimezungukwa na kurasa nyingi.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa. Chumba namba 1, saa 4 mpaka saa 5, hakuna bukingi nyingine yoyote. Watekelezaji wakanong'onezana, wakajibu: imekataliwa. Kwanini? Speki inataka watu wawili wasibuku chumba kimoja kwa wakati mmoja, na sisi tukikataa kila mtu sharti hilo halitavunjika milele. Waamuzi wakasema subirini, sentensi ya kwanza inasema utamruhusu mtumiaji kubuku. Watekelezaji wakajibu tutamruhusu, haijasema lini, haijasema kila ombi, labda siku nyingine. Waamuzi wakasoma tena, wakatazamana, wakasema halali. Dada mmoja wa kundi la waandishi akashindwa kuvumilia, "Ticha, hawa wanafanya makusudi!" Nikamwambia aandike alichotaka kusema. Akaandika kwa hasira: chumba kikiwa wazi lazima akubaliwe. Sentensi ambayo kundi lake lilikuwa halijaiandika kwa nusu saa nzima, yeye kaiandika kwa sekunde kumi, kwa sababu tu kaona mtu akikataliwa bila sababu.

Hapa kuna somo la zamani. Tangu mwaka 1977 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alitenganisha ahadi za aina mbili kwenye kuthibitisha programu: ahadi kwamba kitu kibaya hakitatokea, na ahadi kwamba kitu kizuri mwishowe kitatokea. Ukiandika aina ya kwanza peke yake, mfumo uliozimwa unatimiza speki yako yote. Ningeweza kuwaambia hivyo kwenye slaidi na wangekopi kwenye daftari, lakini walipoona mfumo unakataa kila ombi na waamuzi wanaupitisha, nilipowapa jina la hicho kitu hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Kadi ya pili ilikuwa chumba hichohicho, saa 5 mpaka saa 6, wakati kuna bukingi ya saa 4 mpaka saa 5. Pete moja wakakubali, pete nyingine wakakataa kwa sababu saa 5 kamili chumba kina watu wawili. Makundi yote mawili yalikuwa halali kwa speki walizokuwa nazo. Hili suala la mipaka linaonekana dogo, lakini mfumo ungeanza kazi siku ya kwanza ungekuwa na matatizo hapahapa, maana mikutano mingi inafuatana. Suluhisho linalojulikana ni kuhesabu mwanzo kuwa ndani ya bukingi na mwisho kuwa nje, na kundi moja baadaye lilifika kwenye sharti zuri sana: bukingi mbili zinagongana kama ya kwanza inaanza kabla ya ya pili kuisha, na ya pili inaanza kabla ya ya kwanza kuisha. Mstari mmoja, unafunika kila hali, ya kupishana kushoto, kulia, moja ndani ya nyingine, zote.

Alafu nikatoa kadi ya saa 4 mpaka saa 4. Bukingi ya dakika sifuri. Ukiiweka kwenye lile sharti dhidi ya bukingi ya saa 4 mpaka saa 5 inasema hazigongani, lakini bukingi ya sifuri ya saa 4 na nusu inasema inagongana. Sharti ni zuri ila linadai kitu kabla halijatumika, kwamba mwanzo uwe kabla ya mwisho, na hicho kitu hakuna aliyekiandika. Pale nikawaeleza kwa kifupi wazo ambalo Tony Hoare, naye mwanasayansi wa kompyuta, aliliweka wazi mwaka 1969, kwamba kipande cha programu unakielezea kwa pande mbili: kipi kiwe kweli kabla hakijaanza, na kipi kitakuwa kweli kikishamaliza. Wanafunzi wengi wanaandika upande wa pili tu.

Kadi nyingine zikaendelea. Mtu mmoja kabonyeza mara mbili, ombi lilelile limefika mara mbili: zimekubaliwa zote, kwa sababu speki inakataza "watu wawili" na huyu ni mmoja. Ombi la jana: limekubaliwa. Chumba ambacho hakipo: kimekubaliwa kwa furaha kubwa. Mtu anaomba chumba kwa mwaka mzima mfululizo: karibu sana.

Kadi ya kufuta ndo iliyonigusa. Ombi lilisema: mtu ambaye hakufanya bukingi anataka kuifuta. Watekelezaji wakafuta, maana "bukingi inaweza kufutwa" haitaji nani. Sasa kwenye kundi la waandishi kulikuwa na kijana mkimya, hajaongea tangu asubuhi, na nilivyopita nyuma yao nikaona karatasi yake ya zile dakika thelathini za mwanzo, pembeni kaandika kwa herufi ndogo "nani anafuta?" Alikuwa kaliona mapema. Hakulisema, au alilisema na sauti kubwa zaidi ikapita juu yake. Nitalirudia hili kwa sababu ni suala la kiufundi kama masuala mengine yote ya kisa hiki.

Zile karatasi za ukimya

Raundi ilipoisha niliwaambia waandishi wasome walichotaka kusema. Kila kundi lilikuwa na orodha ndefu. "Tulimaanisha mtu yuleyule pia hawezi." "Lazima iwe siku ambayo haijapita." "Ni msimamizi tu au mwenyewe." Zile sentensi, ukizikusanya, ndo speki iliyokosekana. Na zimeandikwa na wenyewe, kwa lugha yao, bila templeti.

Ndio maana nasema ukimya ndo moyo wa zoezi. Nimeona mazoezi ya makundi ambapo waandishi wanaruhusiwa kufafanua, na yanakuwa mazungumzo mazuri, watu wanafurahi, wanatoka wakiwa wanaelewana, ila maandishi hayajabadilika hata kidogo kwa sababu ufafanuzi ulipita hewani ukaishia hapo. Mdomo ukifungwa, ufafanuzi hauna pa kwenda isipokuwa kwenye karatasi.

Lile lalamiko la "wanafanya makusudi" lilirudi wakati wa majadiliano na nililichukulia kwa uzito wake, sio la kupuuza. Ni kweli deva wa kazini hafanyi makusudi. Ila deva wa kazini yuko mbali, ana mambo mengine kumi, na akikuta pengo hapigi simu, analijaza na kile kinachoonekana cha kawaida kwake. Nikawapa visa viwili vinavyojulikana. Juni 4, 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika kabla ya sekunde 40 za safari yake ya kwanza. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilitoka kwa Ariane 4, na kuna thamani inayohusiana na kasi ya mlalo iliyokuwa inageuzwa kutoka namba ya biti 64 kwenda biti 16. Kwenye roketi ya zamani thamani hiyo haikuwahi kuwa kubwa kiasi hicho, kwenye hii mpya ilizidi kile ambacho biti 16 zinaweza kubeba. Njia ya safari ya Ariane 5 haikuwemo kwenye mahitaji ya kile kifaa. Hakuna aliyekuwa mkaidi pale, watu walikuwa makini, dhana tu ilikuwa vichwani na haikuwa kwenye maandishi.

Cha pili ni chombo cha Mars Climate Orbiter kilichopotea Septemba 23, 1999. Hapa mwanafunzi mmoja alidhani najirudia, lakini hiki kisa kiko kinyume. Speki ya namna programu mbili zitakavyopeana data ilikuwepo na ilitaja vipimo vya metriki. Upande mmoja wa ardhini ukatoa namba kwa vipimo vya pauni, tofauti ya kama mara 4.45, na kosa halikunaswa kwa miezi ya safari. Yani speki kuandikwa vizuri hakutoshi kama hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuchukua maandishi na tokeo na kuuliza kama vinalingana. Ndo maana kuna kundi la waamuzi, na ndo maana kila mtu lazima akalie kiti hicho, hata wale wanaokiona cha kuchosha.

Kuandika upya

Raundi ya pili walipewa tena nusu saa. Hapa niliongeza vitu viwili tu vya kiufundi. Kimoja ni nguvu ya maneno: mwaka 1997 watu wa itifaki za intaneti, yani kanuni za kompyuta kuwasiliana, walitoa hati inayoitwa RFC 2119 inayosema neno la lazima lina maana gani, la kupendekezwa lina maana gani, na la hiari lina maana gani, ili msomaji asikisie. Tukakubaliana darasani: "lazima" ni lazima, "inaweza" ni hiari ya mfumo, na "itakuwa" tumelitoa kabisa maana halijulikani ni ahadi au utabiri. Kingine ni mpangilio wa sentensi kwa mtindo wa EARS uliotoka kampuni ya Rolls-Royce mwaka 2009, kitu kinachoanza na tukio au hali: ombi linapofika, mfumo lazima ufanye hivi; kama kuna kosa hili, basi mfumo lazima ufanye vile. Basi. Kuna wenzangu wangeingiza Alloy au Z, lugha za kihisabati za kuandikia speki, siku hiyohiyo, mimi naona mapema mno, mtu aonje kwanza ubaya wa utata kwa lugha ya kawaida alafu atazitafuta hizo nyenzo mwenyewe.

Kundi lile lile la mwanzo likarudi na hii: "Ombi ni halali kama chumba kipo kwenye orodha, mwanzo uko kabla ya mwisho, na mwanzo haujapita. Ombi halali linapofika na hakuna bukingi hai ya chumba hicho inayogongana nalo, mfumo lazima ulikubali. Kama ipo, mfumo lazima ulikatae na useme sababu. Ombi lisilo halali mfumo lazima ulikatae. Bukingi inafutwa na aliyeifanya au msimamizi, na ikishafutwa haihesabiki kuwa hai. Maombi mawili yanayogongana yakifika pamoja, mfumo lazima ukubali moja na kukataa jingine, na lipi ni hiari ya mfumo."

Angalia ile sentensi ya mwisho. Ilitoka kwenye kadi mbili nilizozigundisha na gundi, zimefika wakati mmoja. Kundi jingine liliandika kwamba ashinde aliyebonyeza kwanza, na waamuzi wakawauliza mfumo utajuaje nani kabonyeza kwanza wakati maombi yanapita kwenye mtandao na moja linaweza kuchelewa njiani. Hawakuwa na jibu. Lile kundi la mwanzo limeacha uhuru kwa makusudi, na kuacha uhuru kwa makusudi ni ujuzi mkubwa ambao wanafunzi wengi hawaujui, wanadhani speki nzuri ni ile inayofunga kila mlango.

Kuna kundi lililofanya hivyo kweli, raundi ya kwanza iliwauma wakaja na ukurasa umejaa mpaka pembeni: mfumo upitie orodha kutoka mwanzo kwa kitanzi, uhifadhi kwenye jedwali lenye safu saba, rangi ya kitufe, ujumbe neno kwa neno. Na bado kadi ya ombi la jana ikapita! Waliandika mfumo ufanye vipi badala ya ufanye nini. Niliwauliza swali moja kwa kila sentensi, kama mtekelezaji akifanya kwa njia nyingine na mtumiaji asione tofauti yoyote, je kavunja ahadi? Sentensi nyingi zikafutika, ukurasa ukabaki na robo, wakapata nafasi ya kuandika yale ya maana.

"Haraka na rahisi kutumia" nayo waamuzi waliikataa makundi yote, hawakuwa na namna ya kusema halali au sio halali. Kundi moja likaibadilisha: wakiwepo watumiaji 200 kwa pamoja, maombi 95 kati ya kila 100 lazima yapate jibu ndani ya sekunde moja. Namba zenyewe walizibuni na tunaweza kubishana nazo, na hilo ndo zuri, sasa kuna kitu cha kubishania.

Nani kashika kalamu

Nirudi kwa yule kijana mkimya. Kwenye karibu kila kundi la programu kuna mtu mmoja mwenye uzoefu wa kodi kuliko wenzake, na huyo bila nia mbaya anageuka mwandishi, msemaji na mwamuzi. Tatizo lake kwenye speki ni kubwa kuliko kwenye kodi, kwa sababu anayejua sana ndiye mwenye dhana nyingi zaidi ambazo haoni haja ya kuziandika. Anayeuliza swali la "nani anafuta?" mara nyingi ni yule anayejiona hajui. Kalamu kuzunguka haikutosha, maana yule mzoefu alikuwa anasoma imla na mwenzake anaandika. Raundi ya pili nikaweka nafasi ya mpinzani: mtu mmoja kwenye kundi haruhusiwi kupendekeza sentensi, kazi yake ni kuuliza maswali tu, na kila swali linaandikwa pembeni ya ukurasa na haliwezi kufutwa mpaka kuna sentensi inayolijibu. Yule kijana nikampa nafasi hiyo. Maswali yake yakajaza pembeni yote, na ile sentensi ya bukingi iliyofutwa kutohesabiwa kuwa hai ilitoka kwake.

Kuhusu maksi, naomba msitoe kwa urefu wa hati wala kwa uzuri wa vichwa. Mwishoni nilichukua kila speki nikaipeleka kwa makundi mawili tofauti yasiyoonana, kadi zilezile, nikalinganisha majibu. Majibu yakilingana speki imeshika. Yakitofautiana, waandishi waonyeshe pale walipoandika kwamba ni hiari ya mfumo, wakishindwa ni pengo. Ni kipimo ambacho mwanafunzi hawezi kukulalamikia kwamba unapendelea, na yeye mwenyewe anaweza kukitumia akiwa kazini kwa watu wawili na dakika ishirini.

Kadi za wenyewe

Dakika za mwisho niliacha kadi zangu nikawaambia kila kundi liandike kadi moja ya kulipelekea kundi jingine, kabla hawajaona speki ya wenzao. Nyingi zilikuwa za mipaka, wameshajua mchezo. Moja ilikuwa tofauti: chumba namba 2 kinafungwa kesho kwa matengenezo, na tayari kina bukingi tatu.

Hakuna speki iliyokuwa na jibu, hata ya lile kundi lenye ukurasa mzuri. Wengine wakasema bukingi zifutwe na watu wapewe taarifa, wengine wakasema mfumo ukatae kufunga chumba mpaka bukingi zihamishwe, na hoja za pande zote zilikuwa nzito, ubishi ukapanda kweli. Nikawaacha wabishane kidogo alafu nikawauliza, kati yenu nani ana mamlaka ya kuamua hili? Hakuna. Mapengo yote ya mwanzo walikuwa na majibu yake kichwani, hayakuwa kwenye karatasi tu. Hili jibu halikuwa kichwani mwa mtu yeyote mle ndani, ni la mwenye jengo. Hii ni aina nyingine ya pengo na haitibiki kwa kuandika vizuri, inatibika kwa kwenda kuuliza. Wakaandika maswali matatu ya kumuuliza mteja: nani anaweza kufunga chumba, bukingi zilizopo zinakuwaje, na chumba kikifunguliwa mapema zinarudi au hazirudi.

Kikao kilichofuata kilianza na hayo maswali, mteja akiwa ni mwanafunzi wa kozi nyingine kabisa asiyejua programu ila anajua kuendesha ofisi, na jibu lake la kwanza, kwamba bukingi za chumba kilichofungwa zisifutwe bali zisimamishwe mpaka mtu azipangie chumba kingine, likayalazimisha makundi yote sita kuandika upya maana ya bukingi hai.